Fedha taslimu, afya na kazi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu tafiti za magharibi mwa Kenya

Tangu mwaka 2011, vijiji vya Kaunti ya Siaya vimekuwa uwanja wa tafiti kubwa zinazouliza jambo moja: kaya maskini ikipewa fedha bila masharti yoyote, nini hutokea kwa afya ya watu wake, kwa kazi wanazozifanya, na kwa jinsi majirani wanavyotazamana? Maswali yafuatayo ndiyo yanayorudi kila mara mazungumzo haya yanapoanza, iwe darasani, kwenye baraza la kijiji au ndani ya matatu. Mengine yanahitaji maelezo marefu, mengine yanajibika kwa sentensi chache.

Ni tafiti zipi hasa zinazozungumziwa?

Ni tatu kuu, na zote zilipitisha fedha kupitia shirika moja, GiveDirectly, ambalo hutuma pesa moja kwa moja kwenye simu ya mpokeaji kwa M-Pesa.

Wa kwanza ni ule wa Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro uliofanyika Rarieda kati ya 2011 na 2013 na kuchapishwa mwaka 2016. Kaya nyingine zilipata shilingi 25,200 za Kenya, nyingine 95,200. Nyingine zilipokea kwa mkupuo, nyingine kidogo kidogo kila mwezi. Katika baadhi mpokeaji alikuwa mke, katika nyingine mume.

Wa pili ni mkubwa zaidi. Dennis Egger, Haushofer, Edward Miguel, Paul Niehaus na Michael Walker walifuatilia vijiji 653 vya Alego, Ugunja na Ukwala, ambako kaya zaidi ya 10,500 zilipewa takriban dola 1,000 kila moja, yaani shilingi 87,000 kwa thamani ya wakati huo. Matokeo ya kiuchumi yalichapishwa mwaka 2022, na mwaka 2025 timu iliyorudi katika vijiji hivyohivyo ikatoa matokeo juu ya vifo vya watoto, ambayo ndiyo yaliyofufua mjadala huu wote.

Wa tatu ni utafiti wa kipato cha msingi kwa wote katika vijiji 295 vya Siaya na Bomet, ambao unaelezwa chini zaidi.

Kwa nini vijiji vilichaguliwa kwa kura badala ya kupewa walio maskini kuliko wote?

Kwa sababu bila kura hatuwezi kujua kilichosababisha nini. Tuseme shirika linawapa fedha wale wanaojitokeza kuziomba, kisha baada ya mwaka mmoja tunawakuta wana afya bora kuliko wenzao. Je, ni fedha, au ni kwamba watu wenye ari ya kujitokeza tangu mwanzo walikuwa na nguvu na mbinu kuliko waliobaki nyumbani? Kura huondoa shaka hiyo, kwa kuwa kijiji kilichopata na kijiji kilichokosa hutofautishwa na bahati tu, na kile kilichokosa huwa kundi linganishi.

Ndani ya kijiji kilichopata, hata hivyo, si kila mtu alilipwa. Katika utafiti wa vijiji 653 kigezo kilikuwa paa: nyumba ya nyasi ilistahiki, nyumba ya mabati haikustahiki. Ni kigezo kikali, lakini kina sifa moja ambayo orodha za walengwa huikosa mara nyingi, nayo ni kwamba mtu yeyote anayepita barabarani anaweza kukihakiki kwa macho. Kaya zilizostahiki zilikuwa karibu theluthi moja.

Suala la haki ni zito. Kuna kaya zilizoulizwa maswali kwa saa kadhaa na zisipate chochote kinacholingana na kilichopatikana kijiji cha pili. Watetezi wa mbinu hii husema fedha zisingetosha wote kwa vyovyote vile, na kwamba kura ni haki kuliko kujuana. Hoja hiyo ninaikubali kwa sehemu kubwa, ila ninaona ni wajibu wa mtafiti kuieleza kwa aliyekosa, kwa lugha yake, kabla ya kuanza kumhoji.

Je, watu wakipewa fedha za bure hawaachi kufanya kazi?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na huulizwa na watu wa kila tabaka, wakiwemo wapokeaji wenyewe wanapozungumzia majirani zao.

Kwa jumla, jibu ni hapana. Mwaka 2017 Abhijit Banerjee, Rema Hanna, Gabriel Kreindler na Benjamin Olken waliunganisha takwimu za majaribio saba ya mipango ya serikali katika nchi sita, yaani Honduras, Indonesia, Meksiko, Moroko, Nikaragua na Ufilipino, na hawakuona dalili ya kuaminika kwamba wapokeaji hupunguza kazi. Kaskazini mwa Uganda, vijana waliopewa ruzuku ya wastani wa dola 382 kila mmoja ili wajifunze ufundi na kununua vifaa walikutwa miaka minne baadaye wakifanya kazi saa nyingi kuliko wenzao kwa asilimia 17. Katika utafiti wa kipato cha msingi wa Siaya na Bomet, jumla ya kazi haikupungua baada ya miaka miwili. Kilichobadilika ni aina ya kazi: vibarua vya kulima mashamba ya watu vilipungua, na biashara za watu wenyewe zikaongezeka.

Matokeo haya yana mtego wa lugha. Ukimuuliza mama wa kijijini, "Unafanya kazi?", anaweza kukujibu kwamba hana kazi, kwa kuwa neno hilo kwake ni ajira yenye mshahara, ilhali tangu alfajiri amekwishapalilia, amechota maji, na sasa ameketi mbele ya ungo wa omena anazouza kwa vipimo vya kopo. Ndiyo maana mhojaji aliyefunzwa vizuri hamuulizi kama anafanya kazi. Anapita naye siku saba zilizopita, shughuli moja baada ya nyingine: shamba lako saa ngapi, shamba la mtu saa ngapi, biashara saa ngapi. Mtu akisoma kwamba "wapokeaji waliacha kazi" katika ripoti fulani, kitu cha kwanza cha kutafuta ni jinsi swali lilivyoulizwa.

Kuna, hata hivyo, kundi moja ambalo kazi yake ilipungua sana, na kupungua huko ndiko kunakostahili kusomwa kwa makini kuliko takwimu zote zilizotangulia.

Inasemekana vifo vya watoto wachanga vilipungua kwa karibu nusu. Ni kweli, na ilitokeaje?

Andiko lililotolewa Agosti 2025 linakadiria kwamba vifo vya watoto kabla ya kutimiza mwaka mmoja vilipungua kwa asilimia 48, na vifo kabla ya miaka mitano kwa asilimia 45. Watafiti walikusanya taarifa za vizazi zaidi ya 100,000 pamoja na sababu za vifo. Ilikuwa bado andiko la awali lilipotolewa, na wasomi wengine wana haki ya kulichambua, lakini ukubwa wa takwimu zake si wa kupuuzwa.

Kwanza tuelewe asilimia yenyewe. Haimaanishi kwamba kati ya kila watoto 100 wanaozaliwa, 48 waliokolewa. Tuseme katika kijiji kisichopata fedha watoto 40 kati ya kila 1,000 wanaozaliwa hufariki kabla ya mwaka mmoja. Kupungua kwa asilimia 48 kunamaanisha kwamba katika kijiji kilichopata hufariki kama 21.

Pili, ilitokeaje? Fedha hazikuambatana na dawa, wala mafunzo, wala sharti la kwenda kliniki. Zilipoingia, wanawake waliojifungulia hospitalini waliongezeka kwa asilimia 45. Vifo vilivyopungua zaidi ni vile vya siku za mwanzo na vinavyotokana na matatizo ya uzazi, ambavyo mkunga au daktari anayejua kazi yake anaweza kuvizuia. Tena nafuu ilikuwa kubwa zaidi kwa kaya zilizokuwa karibu na kituo chenye daktari, kwa kaya maskini zaidi, na kwa wale ambao fedha ziliwafikia karibu na wakati wa kujifungua. Kwa hiyo mtu asije akasema fedha zinaweza kuchukua nafasi ya hospitali. Mahali ambapo hapakuwa na daktari karibu, nafuu ilikuwa ndogo.

Mtu atauliza: kujifungua katika hospitali za umma za Kenya kulifanywa bure tangu Juni 2013, sasa fedha zilihitajika za nini? Swali zuri, na jibu lake halimo katika bei ya kitanda cha wodi. Uchungu ukianza saa nane usiku, bodaboda inataka pesa yake, na usiku inataka zaidi. Kuna pamba, beseni, nguo za mtoto. Kuna watoto wengine wa kuachwa na mtu, na mtu huyo naye ale. Kuna siku ambazo mwenye kibarua hatalipwa kwa sababu hakwenda. Huduma ilikuwa bure, kuifikia hakukuwa bure.

Sasa turudi kwenye kazi. Katika miezi mitatu kabla ya kujifungua na mitatu baada yake, kazi za wanawake waliopata fedha zilipungua kwa asilimia 51. Hapa ndipo neno "uvivu" linapoumbuka. Watu wa pwani wana arobaini: mzazi hukaa ndani siku arobaini, hupikiwa, hukandwa kwa maji ya moto, na mtu wa kumtuma shambani hapatikani. Ni desturi inayodai kwamba kuna mtu mwingine wa kubeba kazi zake. Kaya isiyo na akiba hailimudu hilo, na mwanamke hujikuta akipiga jembe akiwa na mimba ya miezi minane, kisha anarudi shambani kabla kitovu cha mtoto hakijakauka vizuri. Dola 1,000 zilinunua mapumziko. Katika jedwali la takwimu yanaonekana kama kupungua kwa nguvukazi, na mchumi aliyezoea kuhesabu kila saa iliyopotea kama hasara angeyaandika upande mbaya wa daftari. Katika vijiji vya Siaya saa hizo zilikwenda sambamba na watoto waliobaki hai.

Je, fedha haziishii kwenye pombe na sigara?

Hapana. David Evans na Anna Popova walipitia tafiti 19 kutoka mabara mbalimbali na hawakukuta ongezeko la matumizi ya pombe na tumbaku. Rarieda nako hakukuwa na ongezeko. Wapo wanaosema watu huficha wanapoulizwa, na ni kweli huficha, lakini aliyekosa fedha naye hunywa na naye huficha. Kinacholinganishwa ni tofauti ya makundi mawili. Fedha za Rarieda zilionekana kwenye mifugo, kwenye chakula, na juu ya nyumba: nyasi zilishushwa, mabati yakapanda.

Afya ya akili hupimwaje, na fedha ziliibadilisha?

Njia ya kawaida ni hojaji. Mtu huulizwa juu ya wiki iliyopita: je, ulikosa usingizi, ulijiona mpweke, ulilia? Majibu hupewa alama. Rarieda walikwenda mbali zaidi wakachukua mate ya wahojiwa na kupima kotiso, homoni ambayo hupanda mtu anapokuwa na msongo. Kwa wastani kotiso haikubadilika, ila ilikuwa chini zaidi pale fedha zilipopewa mke kuliko mume, zilipokuwa nyingi, na zilipokuja kwa mkupuo. Kwa upande wa hojaji, furaha na kuridhika na maisha viliongezeka, na msongo na huzuni vikapungua.

Hapa pia lugha ina mitego yake. Hojaji za kimataifa huuliza mtu ameridhika kwa kiasi gani na maisha yake. Kwa Kiswahili kuridhika ni fadhila. Mtu anayesema hajaridhika anaweza kujiona kama anamkufuru Mungu au anaonyesha tamaa, kwa hiyo atasema ameridhika huku akiwa na njaa. Kwa kuwa kosa hilo huyaathiri makundi yote mawili kwa namna moja, haliharibu ulinganisho, lakini linapunguza thamani ya kusema "asilimia fulani ya wanakijiji wameridhika" kana kwamba neno hilo lina uzito uleule kila mahali.

Utafiti mwingine unaofaa kutajwa ulifanyika Kaunti ya Nakuru na kuchapishwa mwaka 2020 na Haushofer, Robert Mudida na Shapiro. Katika watu 5,756, baadhi walipewa fedha, wengine walipewa wiki tano za ushauri nasaha kwa utaratibu uliotungwa na Shirika la Afya Duniani. Baada ya mwaka mmoja waliopata fedha walikuwa na hali bora kiuchumi na kiakili, na wale wa ushauri nasaha hawakuonyesha mabadiliko yanayopimika. Nisingependa mtu alitumie tokeo hilo kudharau ushauri nasaha. Washiriki hawakuchaguliwa kwa kuwa wagonjwa. Walikuwa wanakijiji wa kawaida, na tiba ya mwenye sonona si lazima imsaidie asiye nayo.

Mapitio ya mwaka 2022 ya tafiti 45 kutoka nchi za kipato cha chini na cha kati yanathibitisha mwelekeo huo: athari ya fedha kwa afya ya akili ipo, ni ndogo, na inaonekana tena na tena.

Na majirani ambao hawakupata chochote? Hawakuumia?

Kimfuko hawakuumia, walifaidika. Mpokeaji hununua mabati dukani, humlipa fundi, hununua mahindi kwa jirani, na pesa huzunguka. Katika vijiji 653 ilikadiriwa kwamba kila dola 1 iliyoingia ilizaa shughuli za kiuchumi za takriban dola 2.5, na matumizi ya kaya ambazo hazikupata fedha yalipanda pia. Wengi waliogopa mfumuko wa bei, kwa kuwa fedha zilizoingia zilizidi asilimia 15 ya pato la eneo hilo, lakini bei zilipanda kwa takriban asilimia 0.1 tu.

Kimoyo ni habari nyingine. Uchambuzi wa takwimu za Rarieda ulionyesha kwamba jirani alipotajirika, kuridhika na maisha kwa yule aliyekosa kulishuka, kisha baada ya muda kukarudi. Anayeishi kijijini hahitaji profesa amweleze hilo: paa jipya la mabati linang'aa, na linang'aa kuelekea kwako. Lakini ni jambo la maana kwa mpangaji wa sera, kwa sababu kugawa fedha kwa nyumba moja na kuiruka ya pili kuna gharama isiyoonekana kwenye bajeti.

Ni kweli kwamba kuna watu walizikataa fedha hizo?

Ndiyo. Shirika lilipoingia Kaunti ya Homa Bay mwaka 2015, asilimia 45 ya waliostahiki walikataa kushiriki, wakati kwingineko waliokataa walikuwa wachache mno. Zilienea habari kwamba fedha hizo ni za shetani, kwamba atakayezipokea atazilipa kwa damu au kwa mtoto.

Wako waliocheka. Mimi naona wakataaji walikuwa wakifanya hesabu ya busara kwa taarifa walizokuwa nazo. Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini mgeni anayekuja na shilingi nyingi, asitake kura, asitake shamba, asitake hata kushukuriwa, ni mgeni ambaye sababu yake haijulikani. Watu ambao wamewahi kuahidiwa na wanasiasa na kutozwa na matapeli wana kila haki ya kuuliza nani anaulipia mkono huu. Mwanaanthropolojia Mario Schmidt, aliyeandika juu ya fedha hizi magharibi mwa Kenya, ameonyesha kwamba maana ya "fedha za bure" haikuwa wazi hata kwa waliozipokea. Kwa watafiti wa mitazamo ya jamii, kukataa huko ni tokeo la utafiti kama matokeo mengine.

Ipi ni bora: fedha za mkupuo au kidogo kidogo kila mwezi?

Inategemea unataka nini. Rarieda waliolipwa kila mwezi walikuwa na uhakika zaidi wa chakula, na waliolipwa kwa mkupuo walinunua vitu vya kudumu.

Utafiti wa kipato cha msingi, unaoongozwa na Banerjee, Tavneet Suri na wenzao, uliundwa kujibu hili hasa. Vijiji 44 vinalipwa kwa miaka 12, vijiji 80 vililipwa kwa miaka miwili, vijiji 71 vilipata mkupuo, na vijiji 100 ni kundi linganishi. Malipo ya mwezi yalikuwa shilingi 2,250 kwa kila mtu mzima, tajiri au maskini. Matokeo ya mwaka 2023 yalionyesha kwamba mkupuo ulianzisha biashara nyingi, na malipo ya miaka 12 nayo yalifanya vizuri, lakini malipo ya miaka miwili yalikuwa dhaifu kuliko yote mawili kwa upande wa biashara. Cha kufurahisha ni kwamba waliohakikishiwa miaka 12 walijiundia mkupuo wao wenyewe kupitia vyama vya kuchangiana, ambavyo Watanzania huviita upatu au mchezo. Mwezi huu anapokea huyu, mwezi ujao yule, na shilingi 2,250 za watu kumi huwa mtaji.

Wakati wa janga la Korona mwaka 2020 watafiti walipiga simu vijijini. Njaa ilikuwa imeenea, lakini ilikuwa pungufu katika vijiji vilivyopokea fedha, na wagonjwa walikuwa wachache kidogo.

Tanzania ina utafiti wa aina hii?

Upo, na una tofauti moja kubwa: ulikuwa na masharti. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, uliendesha majaribio kuanzia mwaka 2010 katika vijiji 80 vya Bagamoyo, Chamwino na Kibaha, kabla ya mpango wa kunusuru kaya maskini kuenea nchini. Watoto wadogo na wazee walitakiwa kwenda kliniki, na watoto wakubwa shule.

David Evans, Brian Holtemeyer na Katrina Kosec walikuta jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka linakatisha tamaa: mahudhurio ya kliniki yaliongezeka mwanzoni, kisha yakapungua. Lakini walengwa walikuwa na afya bora, hasa watoto wa chini ya miaka mitano. Walikuwa wamejiunga na bima ya afya ya jamii kwa wingi, na walikuwa wamewanunulia watoto viatu. Viatu vinaonekana kitu kidogo, ila minyoo ya safura huingia kupitia ngozi ya nyayo, na mtoto anayekanyaga ardhi yenye minyoo akiwa amevaa ndala au viatu ana kinga ambayo zahanati haiwezi kumpa kila siku. Ukihesabu mahudhurio pekee utasema mpango umeshindwa, kumbe asiyeugua hana la kufuata zahanati.

Watafiti haohao waliona pia kwamba imani ya walengwa kwa viongozi wa kijiji iliongezeka, hasa katika vijiji vilivyofanya mikutano mara nyingi.

Nafuu hudumu kwa muda gani?

Si siku zote hudumu. Vijana wa kaskazini mwa Uganda waliotajwa juu walikuwa wakipata mapato makubwa kuliko wenzao kwa asilimia 38 baada ya miaka minne. Baada ya miaka tisa wenzao walikuwa wamewafikia kwa mapato, ingawa waliopewa ruzuku bado walikuwa na mali zaidi na walikuwa wengi zaidi katika kazi za ufundi. Kuna wanaolisoma tokeo hilo kama kushindwa. Ninalisoma kama miaka kadhaa ya ujana iliyokwenda vizuri kuliko ambavyo ingekwenda, jambo ambalo lina thamani yake hata likiisha. Kwa mtoto aliyevuka mwaka wake wa kwanza, bila shaka, swali la kudumu halipo.

Je, watafiti hawana maslahi katika matokeo haya?

Wanayo, na si siri. Jeremy Shapiro na Paul Niehaus ni miongoni mwa waanzilishi wa GiveDirectly, na wote wawili ni waandishi wa tafiti zilizotajwa hapa. Kinachopunguza hatari ni kusajili mpango wa uchambuzi kabla ya takwimu kuonekana, ili mtu asichague baadaye tokeo linalompendeza, na kuziweka takwimu wazi ili wengine wazirudie. Msomaji makini asitupe utafiti kwa sababu ya maslahi yaliyotangazwa, ila azidi kuwa macho pale yasipotangazwa.

Kijiji chetu kinaweza kujiandikisha kushiriki utafiti kama huu?

Hapana. Vijiji huchaguliwa na watafiti kwa kura, na kijiji kinachojiombea huharibu ulinganisho wote ulioelezwa juu. Watafiti wanaofanya kazi Kenya hutakiwa kuwa na kibali cha Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, na kwa Tanzania kibali hutolewa na Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH; mwanakijiji ana haki ya kuomba kukiona, kukataa kuhojiwa, na kuacha katikati ya mahojiano bila kueleza sababu. Hakuna ada ya kujiandikisha, na mhojaji halali hatakuomba namba ya siri ya M-Pesa. Anayeziomba si mtafiti, hata akija na fulana yenye nembo na kalamu sikioni, na wa kumpigia simu ni chifu au polisi.